Maua ya Baridi Kwenye Mawe ya Isamilo

Isamilo, Mwanza
8 Oktoba 2023

Kwa mjukuu wangu na mume wangu Nestory,

Mwangaluka huko Njombe kwenye baridi yenu. Mimi mkeo mzee sijambo, ila masikio yanazidi kunitoroka. Simu yako ya juzi niliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia hata neno moja, kwa hiyo kama kuna jambo nililikubali, nalikataa sasa hivi. Barua ni bora. Andika herufi kubwa, maana macho nayo yameanza kuyafuata masikio.

Msalimie mke mwenzangu Precious. Mbusu mtoto Ndalahwa, umwambie yeye ndiye mume wangu hasa kwa kuwa kabeba jina la babu yako. Wewe ni wa akiba. Jirani yangu Mwaija, yule fundi cherehani, anakusalimu. Ziwa lipo, na kivuko cha Kamanga kinakwenda na kurudi, nami nakitazama kutoka kwenye kiti changu barazani kana kwamba ni changu.

Boksi lako limefika. Miche yote mitatu ya azalia iko hai, imevunjika tawi moja dogo tu. Tangu siku ya ubatizo wa Ndalahwa, nilipoyaona maua yale pale shambani kwenu kwenye chai, yamejaa kichaka kizima mpaka majani hayaonekani, sijatulia. Nilijiambia lazima yachanue na kwangu.

Sasa sikia. Baba yako Machibya alikuja Jumapili pamoja na mama yako Winnie. Habari yake unaijua: amenijengea chumba kule Kisesa, vigae mpaka ukutani, choo cha ndani, na anataka nihamie. Anasema mlima huu si wa mtu wa umri wangu. Nyumba hii babu yako aliijenga akipasua mawe kwa moto na maji, nami nikimpandishia mchanga kichwani. Leo niiache nikakae chumbani kwa mtu, hata kama mtu huyo nimemzaa mwenyewe? Machibya akaliona boksi, akacheka. "Mama, haya ni maua ya baridi. Kwa mawe ya Mwanza yanavyochemka, yatakufa." Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya mkewe: yakifa, nafunga mizigo nahamia Kisesa bila neno. Yakichanua kabla kiangazi kijacho hakijaisha, asinitajie kile chumba tena maisha yangu yote. Akanipa mkono. Mwanangu ni mkaidi, lakini akishatoa mkono harudi nyuma, na mimi ndivyo nilivyo.

Kwa hiyo jua kwamba ulichonitumia ni kesi. Niambie namna ya kuyapanda. Michembe niliyofunga humu, viazi vyetu vya kukausha, ni ya Precious, usiimalize wewe.

Mkeo,
Kashindye


Njombe
21 Oktoba 2023

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya Precious pia, na ya Ndalahwa, ambaye bado hajui kutamka lakini ameing'ata karatasi hii pembeni, utaona alama ya meno. Sisi wazima. Asubuhi umande unaganda kwenye majani ya chai, wachumaji wanaanza kazi wamejifunga mablanketi. Michembe imekwisha, na sitasema nani aliimaliza.

Azalia kwa tabia yake ni kama chai, inapenda udongo mchachu. Usiipande mahali papya pa kuchimba chimba. Ipande kwenye mgongo wa mashariki wa lile jiwe kubwa la uwanjani, Jiwe la Babu, ipate jua la asubuhi, na likifika la saa nane jiwe liwe limeshaikinga. Mizizi yake iko juu juu, kwa hiyo usiizamishe shina. Inua udongo kidogo kama tuta, juu yake tandika haya majani ya paini niliyojaza kwenye mfuko. Jembe lisisogee hapo. Magugu ng'oa kwa mkono. Maji yawe ya mvua, yale ya kwenye pipa lako.

Najua kwetu Usukumani hakuna kitu kinachopandwa bila samadi ya ng'ombe. Bibi, safari hii acha. Na majivu ya jikoni ndiyo usiyaoneshe kabisa, yanauondoa ule uchachu.

Baba alinipigia. Tuliongea kirefu juu ya kesi yenu. Mimi sina upande, nimeshindwa hata kusimama katikati.

Mumeo wa akiba,
Nestory


Isamilo
30 Desemba 2023

Mume wangu Nestory,

Marahaba wote. Alama ya meno nimeionyesha kanisani, wanawake wenzangu wakaigombania kama picha. Mwaija anamalizia kushona kigauni cha... nimesahau, ni mvulana. Basi ni kaptula.

Nilipanda kwa mikono yangu, kama ulivyosema, na mtu asije akasema vingine. Majani mapya yametoka, ya kijani kibichi, yana manyoya laini ukiyagusa. Watu wanapanda mlima kuja kuyaona. Mchungaji mwenyewe alisimama pale na kofia mkononi, akaniuliza ni mmea gani. Nikamwambia azalia. Akasema hajawahi kuuona Mwanza hii. Nikamjibu, utauonea wapi, baba mchungaji, wakati uko kwangu? Najua majivuno si mazuri. Nitayatubu yakishachanua.

Krismasi ilikuwa njema. Baba yako alileta mbuzi, mama yako akapika pilau, na Mwaija alisema sisi Wakristo tukiendelea kumlisha namna hii atasahau tarehe za Idi. Na huyo baba yako! Mkesha wa sikukuu alifika mapema na ndoo na brashi kutoka dukani kwake, akavua shati, akashinda uwanjani akipapendezesha kama babu yako alivyofanya kila mwaka. Nilimtazama mgongoni, nikaona ni Ndalahwa yule yule wa ujana. Hata bustani yangu hakuiruka, ingawa ndiyo inayomshitaki. Alipomaliza paling'aa mpaka macho yakaniuma. Nililia kidogo, usimwambie.

Alipoaga alisema, "Mama, hayajachanua bado." Nikamwambia kiangazi bado kiko mbali.

Mkeo, mwenye azalia,
Kashindye


Njombe
18 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimekuandikia tangu Januari sijapata jibu. Kaptula imemkaa vizuri, anatambaa nayo nyumba nzima, asante na Mwaija mpe asante yangu. Hapa mvua haitaki kuacha. Mimi na Precious tunakuulizia kila siku, na nikimuuliza Baba anasema, "Bibi yako yupo," halafu anabadilisha mazungumzo. Nini kimetokea? Hata mistari miwili itatosha.

Nestory


Isamilo
17 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Habari za hapa ni za kawaida. Binti wa mchungaji ameolewa, harusi ilinyeshewa. Dagaa wamekuwa wengi sana sokoni, nimekukaushia.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Azalia zinageuka njano. Ilianza kwenye majani mapya, yakawa njano yote isipokuwa mishipa, ambayo imebaki kijani kama mtu ameichora. Halafu yakaanza kuungua pembeni. Mche mmoja umekufa wiki iliyopita. Nimeung'oa kabla mtu hajaja kuutazama. Labda nilizidisha maji. Labda ni jua. Labda kweli Mwanza si mahali pake, na mimi ni mzee mbishi.

Tena juzi nilikaa chini ghafla kwenye ngazi za mawe, nikakaa hapo hapo mpaka Mwaija aliponiona. Sikuanguka. Nilikaa.

Nimeanza kutenga vyombo vya kwenda navyo Kisesa. Neno langu nililitoa mwenyewe, sitalirudisha mdomoni. Kile chumba nimekiona, ni kizuri, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Naumia, Nestory. Sijui nikiamka asubuhi nitaangalia nini.

Kashindye


Njombe
2 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Ndalahwa amesimama jana kwa kushika kiti, akajipigia makofi mwenyewe, akaanguka. Au niseme alikaa. Baba anasema wewe ulianguka, wewe umeandika ulikaa. Mimi namwamini mke wangu, ila nakuomba siku nyingine ukae kwenye kiti.

Vyombo rudisha kabatini. Jani la njano lenye mishipa ya kijani halitokani na maji wala jua. Ni udongo umepoteza uchachu, mmea unakaa na njaa huku chakula kipo chini yake. Hapa tukiona hivyo kwenye chai tunajua kuna kitu kimeingia ardhini. Je, ni majivu? Saruji? Kuna mtu amejenga karibu? Niambie kweli, bibi, kwa sababu miwili iliyobaki inaponyeka, lakini lazima nijue ni nini. Mwaija apige picha ya bustani nzima kwa simu yake, anitumie.

Usiogope kuniambia. Sitacheka.

Nestory


Isamilo
25 Aprili 2024

Mume wangu,

Marahaba. Ndalahwa amechukua kwangu hiyo tabia ya kujipigia makofi. Mvua kubwa hapa, maji yanashuka kati ya mawe kama yameitwa. Mwaija ameezua paa lake upande mmoja, analala sebuleni kwangu, anakoroma hata mimi nasikia.

Picha hutaipata. Alikuja na simu yake, nikamwambia bustani haijavaa.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Nimetoka nje, nikatazama, nikalijua jibu lake. Sitaliandika. Nikuulize mimi. Mtu akifanya jambo kwa mapenzi, kwa kumkumbuka baba yake, akavua shati juani, nimwite nimwambie kwamba mkono wake ndio ulioua? Moyo wake naujua, atalibeba hilo mpaka kaburini. Na kwa kuwa ndiye tuliyepeana naye mkono, watu watasema mama amekosa pa kutokea, ametafuta kisingizio. Bora nihamie. Nitakaa kwenye vigae nikiwa mtu wa neno langu, na yeye ataendelea kujiona mwana mwema, maana ndivyo alivyo.

Ila kama ipo njia ya kuurudisha huo uchachu bila kuuliza nani aliuondoa, hiyo niandikie.

Kashindye


Njombe
6 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo, na samahani barua hii haina salamu ndefu. Sote wazima.

Nimesoma barua yako, nikaenda kutafuta ile ya Desemba. Ndoo na brashi. Kila Krismasi babu alipaka chokaa mawe yote ya uwanjani, na mashina ya miti, mpaka nyumba ikawa inaonekana kutoka mjini Nyamagana. Nikiwa mtoto nilimshikia ndoo. Mimi nimekuandikia habari za majivu, na chokaa haikunijia akilini kabisa. Baba ameyapaka mawe ya kuzungushia azalia, mvua ikaiosha chokaa ikaipeleka kwenye mizizi. Basi. Ni kazi ya mapenzi, kama ulivyosema, na hutanisikia nikiitaja tena.

Dawa ipo. Mawe yote yaliyozunguka bustani yaondoke. Miche inyanyuliwe na donge lake la udongo, ule wa pembeni na wa chini utolewe wote, uwekwe mwingine uliochanganywa na maganda ya paini yaliyooza. Salfa kidogo, ule unga wa njano wa kuongeza uchachu, kiasi cha konzi moja. Majani ya paini juu. Yafanyike mvua ingali inanyesha, ili miche isishtuke.

Wewe usinyanyue jiwe hata moja. Nakukataza kama mumeo. Utauliza, basi atanyanyua nani? Gunia la udongo limeshaondoka Njombe. Nimelipitisha njia nyingine. Litafika.

Nestory


Isamilo
15 Septemba 2024

Kwa mume wangu Nestory,

Mwangaluka. Nilinyamaza makusudi, sikutaka kukuandikia mpaka niwe na habari. Kwanza salamu. Mwaija ameezeka upya, amerudi kwake, nami nimeanza kuukosa ule mkoromo. Nasikia Ndalahwa sasa anakimbia. Precious asimkimbize sana, wanaume wa jina hilo hawashikiki.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, taratibu, maana nataka nilifaidi.

Siku chache baada ya barua yako mama yako Winnie alinijia asubuhi, akasema leo ni siku ya kliniki yangu ya macho. Mimi sikuikumbuka, lakini nilivaa nikaenda. Macho yalipimwa haraka. Kurudi ndiyo ikawa shida. Mara tunywe chai kwanza, mara tuingie sokoni kutazama vitenge, mara ajaribu viatu, akajaribu duka zima na hakununua hata ndara. Nikamuuliza, mkamwana wangu, unaumwa? Akasema, "Hapana mama, nafurahia tu kutembea na wewe." Tumekaa naye miaka yote hii hajawahi kufurahia kutembea na mimi.

Tulifika kwangu jua limeshuka. Nikamkuta Machibya barazani, kwenye kiti changu, anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbugani. "Nimepita tu kukusalimu, mama." Nikamjibu amepita vizuri. Mikono alikuwa amenawa, shati amebadilisha, lakini kwenye kucha udongo ulibaki, udongo mweusi ambao Isamilo haupo. Mwaija alikuwa dirishani kwake anazungusha cherehani kwa bidii, na hakuna kitambaa chini ya sindano. Nyuma ya jiko nikaliona gunia lako, tupu, limekunjwa vizuri.

Bustani sikuitazama mpaka walipoondoka. Mawe meupe yote yalikuwa yameondolewa na kupelekwa chini kabisa, barabarani. Azalia zangu mbili zilikaa juu ya tuta jipya, zimetandikiwa paini, zimemwagiwa maji. Udongo alikuwa ameushindilia kwa vidole, alama za vidole vyake zilikuwa bado zipo. Mtu mwenye duka na wafanyakazi wake, amepiga magoti kwenye matope amechimba kwa mikono, ili mizizi isikatwe na jembe. Nilisimama pale nikaita jina la baba yake.

Sikuulizi kama ulimwambia. Usinijibu.

Njano ilianza kuondoka mwezi wa sita. Mwezi wa nane nikaona vichomozo vimefumba, vya rangi ya waridi kwenye ncha, nikavificha kwa kanga kila alipokuja, nikisema nimeanika nguo. Jumapili iliyopita vilifunguka. Mche mkubwa umejaa, mume wangu, umejaa mpaka majani hayaonekani. Ule mdogo umetoa machache, lakini hata ungetoa moja ningeliita mavuno. Mchungaji amekuja na kwaya nzima. Mwaija amepiga picha, nimeruhusu, bustani imevaa. Wapita njia wanasimama wanauliza, nami natoka barazani kuwaambia jina lake kabla hawajamaliza swali. Nimeringa wiki nzima, na wiki ijayo nitaringa tena.

Baba yako alikuja jioni ya siku ile ile. Nilikuwa nimeondoa kanga. Alisimama kwenye lile jiwe muda mrefu, mikono nyuma, kama babu yako. Halafu akasema, "Mama, umenishinda." Nikamtazama machoni, nikaona anangoja niseme neno moja tu, lile alilolichimbia. Nikamwambia, "Ndiyo, nimekushinda." Akacheka, akafuta uso, akaniomba chai. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo hata siku aliyofungua duka. Kile chumba amesema kitakuwa cha wageni. Juzi amemleta fundi kuweka bomba la kushikia kwenye ngazi zangu. Nimekubali, kwa ajili ya wageni.

Basi maua haya najivunia mbele ya kila mtu, lakini huyo mtoto wangu najivunia peke yangu, maana yeye mwenyewe hataki ijulikane, na mimi sitaitoa siri yake hata kwake. Wewe nimekuandikia kwa sababu mtu lazima awe na mmoja wa kumwambia.

Jiwe moja alilisahau, lilibaki nyuma ya pipa, bado jeupe lote. Mwaija amenisaidia kuliingiza ndani, linazuia mlango wa sebuleni usijifunge. Mvua haitalifikia humo. Machibya ameliona, akaliruka akaenda kukaa, akajifanya hakuliona.

Nimeambiwa umesema maua yakishapukutika azalia zikatwe mapema, zisije zikakatwa pamoja na maua ya mwakani. Baba yako anasema atakuja kuzikata yeye. Nimemwambia asithubutu kugusa kitu changu. Atakuja Jumamosi, nimeshamnolea mkasi.

Mkeo mzee,
Kashindye,
nikiwa nyumbani kwangu